Kamisheni mtandaoni: njia ya mkato na njia ya kazi zikipimwa pamoja

Anayetaka kuuza bidhaa za wengine mtandaoni kwa kamisheni hufanya uchaguzi mkubwa kabla hajaandika hata sentensi moja, na wengi huufanya bila kujua. Uchaguzi huo ni wa mahali pa kuweka kazi. Njia ya mkato huiahirisha: unachukua bidhaa yenye kamisheni nono, unanakili maelezo ya mwenye bidhaa, unamwaga linki kila mahali, kisha kazi inakufuata baadaye ikiwa na sura ya marejesho ya pesa, akaunti iliyofungwa na wasomaji wasiorudi. Njia ya pili hudai kazi mwanzoni: kujaribu bidhaa, kupima, kuandika hadi kasoro zake, na kusema wazi kwamba unalipwa. Tunazilinganisha hapa kwa hesabu pale hesabu inapowezekana, ili anayechagua ajue analipia nini na atakilipia lini.

Mfumo wenyewe ni udalali. Muuzaji anakupa linki yenye namba yako. Mtu akiibofya, kivinjari chake huhifadhi kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu linaloonyesha kwamba ametoka kwako, na akinunua ndani ya muda uliowekwa unapata asilimia ya bei. Amazon ilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996, na mipango mingi iliyofuata imeshika muundo uleule. Tofauti kubwa na udalali wa ana kwa ana ni kwamba mnunuzi hakuoni, na mara nyingi hajui kama kuna dalali katikati. Kwa hiyo mzigo wote wa kumwambia ukweli unakuangukia wewe.

Kamisheni ndogo, kamisheni kubwa na kamisheni ya kila mwezi

Wanaoanza huangalia asilimia kwanza. Asilimia peke yake haisemi kitu. Chukua mfano huu wa hesabu, ambamo bidhaa tatu zimepata mibofyo 1,000 kila moja:

| | Kifaa cha kawaida | Kozi ya kidijitali | Programu ya kulipia kila mwezi |
|---|---|---|---|
| Bei | dola 40 | dola 200 | dola 20 kwa mwezi |
| Kamisheni | 4%, yaani dola 1.60 | 50%, yaani dola 100 | 30%, yaani dola 6 kwa mwezi |
| Walionunua | 50 | 10 | 15 |
| Waliorudisha au kuondoka | 5% walirudisha | 30% walirudisha | 5% huondoka kila mwezi |
| Kinachokubakia | dola 76 | dola 700 | dola 1,800 kwa miezi mingi |

Ukilisoma jedwali hili kwa haraka, kifaa kimeachwa mbali na kozi inavutia. Hatutaficha hilo: kwa mwezi wa kwanza, kozi inalipa zaidi, na ndiyo maana mtandao umejaa watu wanaosifia kozi. Lakini soma mstari wa nne tena. Watu 3 kati ya 10 walioamini neno lako wamedai pesa zao zirudi. Hao ndio waliokuamini kuliko wote, kwa sababu wasiokuamini hawakununua kabisa. Na kati ya 7 waliobaki, wapo ambao hawakuridhika ila hawakujisumbua kudai. Mitandao ya bidhaa za kidijitali kama ClickBank, iliyoanza mwaka 1998 na inayowaunganisha wauzaji na washirika (madalali kama wewe), mara nyingi humpa mnunuzi hadi siku 60 za kurudisha, na kamisheni yako hukatwa anaporudishiwa. Pesa unayoiona kwenye akaunti wiki ya kwanza bado si yako.

Sasa tazama safu ya programu ya kila mwezi. Wateja wakiondoka kwa 5% kila mwezi, kwa wastani mteja hukaa miezi 20, hivyo 15 mara 6 mara 20 ni dola 1,800. Programu hiyohiyo ikiwa mbovu na 20% wakaondoka kila mwezi, wastani unashuka hadi miezi 5 na unapata dola 450. Kazi uliyofanya ni ileile, kamisheni ni ileile, idadi ya walionunua ni ileile. Tofauti ya dola 1,350 imetokana na jambo moja tu: je, kitu ulichokipendekeza kinamfaa aliyekinunua? Kamisheni ya kila mwezi inakuvuta upande wa mnunuzi hata siku ambayo huna nguvu ya kuwa mwadilifu. Kamisheni ya mara moja hukulipa mteja awe ameridhika au la, mradi asidai pesa yake. Kwa sababu hiyo, kwa anayeanza na anaweza kusubiri, tunaiweka kamisheni ya kila mwezi juu ya zote. Soma tu masharti kwanza: mipango mingine hulipa kwa miezi 12 pekee kisha hukata.

Kuhusu asilimia 50 hadi 75, si kila kamisheni ya namna hiyo ni mtego. Kunakili faili la kozi au kitabu cha kidijitali hakumgharimu mwenyewe karibu chochote, hivyo anaweza kugawana nusu ya bei bila kumdhulumu mtu. Kwa bidhaa ya kushikika hali ni tofauti. Kuna malighafi, usafirishaji, ghala na marejesho. Ukiona kitu cha kushikika kinatoa kamisheni ya 40%, tafuta bei ya bidhaa inayofanana nacho isiyouzwa kwa kamisheni. Karibu kila mara utakuta mnunuzi ndiye anayekulipa, kupitia bei iliyopandishwa.

Kifaa nacho kisidharauliwe kwa dola 76 zake. Kwanza, mipango mingi ya maduka makubwa hukulipa kwa vitu vyote vinavyostahili ambavyo mtu ananunua baada ya kubofya, si kile ulichokitaja tu. Pili, watu wananunua vifaa bila kuhitaji kushawishiwa. Wanataka tu kujua kipi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba duka linaweza kubadili viwango siku yoyote. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani kutoka 8% hadi 3%, na ya vyakula kutoka 5% hadi 1%, kwa taarifa ya siku chache tu. Waliokuwa wamejenga tovuti nzima juu ya samani walipoteza zaidi ya nusu ya mapato yao bila kosa lolote. Usiruhusu mpango mmoja ubebe zaidi ya nusu ya kipato chako, hata ukiwa mzuri namna gani.

Uhakiki wa kujaribu na uhakiki wa kukusanya

Hapa ndipo tofauti ya kazi inapoonekana waziwazi, na ndipo uongo ni mwingi zaidi.

Uhakiki wa kujaribu huchukua muda. Kwa programu au kifaa cha matumizi ya kila siku, wiki mbili za kukitumia kwa kazi halisi ni kiwango cha chini, na mwezi ni bora. Siku ya kwanza andika muda uliochukua kukiweka tayari, kila hatua iliyokukwamisha, na kilichokosekana kwenye boksi au kwenye akaunti. Piga picha zako mwenyewe, zikionyesha kitu kikitumika, siyo kikiwa kimepangwa mezani. Pima kinachopimika: betri inakaa saa ngapi, faili la ukubwa gani linachukua dakika ngapi, kelele, uzito. Waandikie huduma kwa wateja swali la kweli na uandike walijibu baada ya saa ngapi. Halafu fanya jambo ambalo wahakiki wengi hawalifanyi: jaribu kujitoa. Futa usajili, omba pesa irudi, uone ni mibofyo mingapi na kama kuna mtu anakuzuia. Msomaji anayetaka kununua huduma ya kila mwezi anahitaji habari hiyo kuliko orodha ya sifa ishirini.

Ukimaliza, linganisha na bidhaa nyingine mbili angalau, na uandike nani asinunue. Sehemu ya "nani asinunue" ndiyo inayouza kuliko zote, kwa kuwa asiyefaa anaondoka bila hasara na anayefaa anabaki akiwa na uhakika. Marejesho hupungua kwa sababu hiyohiyo. Hesabu saa 15 hadi 30 za kazi kwa uhakiki mmoja wa aina hii, pamoja na gharama ya bidhaa yenyewe.

Uhakiki wa kukusanya unatumia saa 3 au 4. Unasoma maelezo ya mtengenezaji, maoni ya wanunuzi na hakiki za wengine, kisha unayapanga. Watu hudhani njia hii lazima iwe ya uongo. Si kweli. Inakuwa ya uongo pale tu unapoandika "tumejaribu" wakati hamkujaribu. Ukisema wazi kwamba hukuitumia bidhaa na kwamba umekusanya malalamiko ya wamiliki, unaweza kumsaidia msomaji sana, hasa kwa vitu vya bei kubwa ambavyo mtu mmoja hawezi kununua vitano ili kulinganisha. Masharti yake ni haya: usitoe nyota wala alama, kwa kuwa alama hudai kipimo, chukua vipimo kutoka kwa mtengenezaji na useme ni vyake, tafuta lalamiko linalojirudia kwa watu wengi wasiohusiana, si lile la mtu mmoja mwenye hasira, na angalia tarehe, kwani maoni ya toleo la zamani hayahusu toleo jipya.

Kinachoharibika katika njia hii kinajulikana. Mwandishi anatumia picha za mtengenezaji, na msomaji makini anazitambua. Anasifia kitufe kilichoondolewa kwenye toleo la mwaka huu. Siku hizi limeongezeka tatizo la maandishi yaliyotengenezwa na akili mnemba bila kukaguliwa: yanataja uwezo ambao bidhaa haina, kwa lugha nzuri inayoaminisha. Mnunuzi akikuta uwezo huo haupo, anarudisha bidhaa, na wewe unapoteza kamisheni pamoja na jina lako. Ukitumia chombo hicho, basi kila namba na kila dai lihakikiwe dhidi ya ukurasa wa mtengenezaji kabla ya kuchapisha. Kazi hiyo haina mkato.

Injini za utafutaji nazo zimechukua upande. Kanuni za Google dhidi ya taka zinataja waziwazi kurasa za kamisheni zinazonakili maelezo ya muuzaji bila kuongeza chochote. Aprili 2021 Google ilianza kutoa masasisho mahususi ya mfumo wake wa kupanga hakiki za bidhaa katika matokeo, yakipendelea zenye ushahidi wa kujaribu, na Desemba 2022 iliongeza uzoefu wa mwandishi katika vigezo vya ubora ambavyo wapimaji wake hutumia. Hakiki za uaminifu nazo wakati mwingine huporomoka katika masasisho hayo, na inauma. Hata hivyo mwenye picha zake na vipimo vyake anaweza kupeleka kazi hiyohiyo kwenye video au barua pepe, ilhali aliyenakili hana cha kuhamisha.

Kutangaza kamisheni: juu kabisa, au chini kabisa

Wapo wanaoweka tangazo la kamisheni kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" au mwisho kabisa wa makala kwa herufi ndogo, wakiamini wametimiza sheria. Hawajatimiza. Tume ya biashara ya shirikisho ya Marekani, FTC, ina miongozo ya mapendekezo ya kulipwa tangu mwaka 1980, iliyofanyiwa marekebisho 2009 na tena 2023. Msingi wake ni kwamba tangazo lionekane wazi, lieleweke na mtu wa kawaida, na liwe karibu na pendekezo lenyewe. Oktoba 2024 ilianza kutumika kanuni nyingine ya tume hiyo inayopiga marufuku hakiki bandia na kuruhusu faini kwa anayezitengeneza, kuzinunua au kuzisambaza akijua. Anayeuza kwa wanunuzi wa Marekani anaguswa na kanuni hizi hata akiwa anaishi kwingine, na nchi nyingi zina sheria za aina hiyo kwa watumiaji wao.

Maneno hayahitaji ufundi. Juu ya makala, kabla ya linki ya kwanza: "Baadhi ya linki hapa zinanilipa kamisheni ukinunua kupitia kwangu." Ukitaka kuongeza kwamba bei ya msomaji haibadiliki, hakikisha kwanza kwa kufungua ukurasa bila linki yako na kulinganisha, kwa kuwa sentensi hiyo hunakiliwa mno na si kweli kila mahali. Kama ulipewa bidhaa bure, hilo nalo lisemwe, maana ni malipo. Kwenye video lisemwe kwa sauti na lionekane kwenye skrini, kwa sababu wapo wanaotazama bila sauti na wapo wanaosikiliza bila kutazama. Amazon inawataka washirika wake watumie sentensi yake maalumu, hivyo isome katika masharti uiweke kama ilivyo. Kwenye msimbo wa ukurasa, kila linki ya kamisheni iwekewe sifa ya rel="sponsored", inayoiambia injini ya utafutaji kwamba linki hiyo ni ya kulipwa, na ambayo Google iliitambulisha Septemba 2019. Ni kazi ya dakika chache kwa makala moja.

Gharama ya kutangaza ni hii: wachache watafunga ukurasa. Gharama ya kuficha ni kubwa na haina ratiba. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani iliyouza masomo ya gitaa, Legacy Learning Systems, ilikubali kulipa dola 250,000 baada ya FTC kudai kuwa washirika wake waliandika mapendekezo wakijifanya wateja wa kawaida au wahakiki huru. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba LeadClick, mtandao wa kuunganisha wauzaji na washirika, uliwajibika kwa tovuti za habari bandia ambazo washirika wake walitumia kuuza. Tangu hapo mitandao na wauzaji wamekuwa na sababu nzito ya kukukata wewe kabla hawajakamatwa wao. Akaunti ikifungwa, salio ambalo halijalipwa mara nyingi linabaki kwao, kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali.

Wasomaji wanatoka wapi

Utafutaji ni wa polepole. Tovuti mpya huhitaji miezi sita hadi mwaka kabla ya kuona wageni wa maana, na katika muda huo unafanya kazi bila malipo. Faida yake ni kwamba anayetafuta tayari ana shida, hivyo huhitaji kumchochea. Mitandao ya kijamii ni ya haraka zaidi, ila chapisho hufa kwa siku mbili tatu na akaunti si mali yako. Hapo hatuna mengi ya kusema: itumie kupeleka watu mahali unapopamiliki.

Matangazo ya kulipia ndiyo yanayowaumiza wageni wengi. Rudi kwenye jedwali: kozi ilileta dola 700 kwa mibofyo 1,000, yaani senti 70 kwa mbofyo. Ukinunua mbofyo kwa senti 50 unabaki na senti 20. Marejesho yakipanda kutoka 30% hadi 55%, mapato yanashuka hadi senti 45, na kila mgeni anakutia hasara ya senti 5, lakini hutajua hadi siku 60 zipite, ukiwa umeshalipia matangazo ya miezi miwili. Pesa ya tangazo inatoka leo, kamisheni inathibitika baadaye. Usiingie huko bila akiba ya miezi mitatu na bila kusoma masharti, kwa sababu mipango mingi inakataza kununua matangazo juu ya jina la chapa yenyewe. Shinikizo la hesabu hii ndilo linalozaa vichwa vya habari vya uongo. Mtu akishatumia pesa kumleta mgeni, atasema chochote ili asiondoke bure.

Orodha ya barua pepe ina uwiano bora zaidi wa kazi na matokeo kwa muda mrefu, mradi watu wamejiandikisha wenyewe. Sheria ya CAN-SPAM ya Marekani ya mwaka 2003 inadai njia ya kujitoa inayotekelezwa ndani ya siku 10 za kazi, anwani ya posta, na kichwa cha barua kisichodanganya. Tangu Februari 2024, Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail waweke kujitoa kwa mbofyo mmoja na wasifikishe 0.3% ya malalamiko ya taka. Maana yake ni watu 3 tu katika 1,000. Orodha iliyonunuliwa inaweza kuvuka kiwango hicho kwenye barua ya kwanza, na baada ya hapo hata barua zako halali huishia kwenye folda ya taka. Kwa orodha ya kweli, barua nne zenye msaada kwa kila barua moja ya kuuza ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Muda wa kidakuzi: ahadi na hali halisi

Mpango mmoja unatangaza siku 30, mwingine 90. Amazon hutoa saa 24, ila kitu kikiwekwa kwenye kikapu ndani ya saa hizo unapata hadi siku 90 kwa kitu hicho. Usichague kwa namba hizi pekee. Safari, kivinjari cha Apple, huzuia vidakuzi vyote vya upande wa tatu (vya tovuti nyingine tofauti na ile mtu anayoitazama) tangu Machi 2020, na vile vinavyowekwa na msimbo wa ukurasa huvifuta baada ya siku 7, au mapema zaidi kwa linki zenye alama za ufuatiliaji. Tena mipango mingi humlipa mwenye linki ya mwisho kubofywa. Unaweza kumfundisha msomaji kwa mwezi mzima, halafu kwenye malipo akafungua kiendelezi cha kuponi (programu ndogo ya kivinjari inayotafuta punguzo) na kamisheni ikahamia huko. Cha kuuliza ni kama muuzaji anafuatilia mauzo kwa seva yake mwenyewe, bila kutegemea kivinjari cha mnunuzi, na anazitendeaje linki za kuponi. Meneja wa mpango anayejibu maswali hayo kwa ufasaha ana thamani kuliko siku 60 za ziada.

Hapa kuna mkato mmoja ambao si wa kujadiliwa: kupachika vidakuzi kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubofya chochote. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki washirika wake wakubwa kwa tendo hilo. Suala likageuka kuwa jinai, na mwaka 2014 wawili walihukumiwa kifungo gerezani. Binamu yake mdogo bado amejaa kila mahali: ukurasa wa "kuponi" usio na kuponi yoyote, uliowekwa tu ili mtu aliyekwisha amua kununua abofye. Huo humwibia mshirika aliyefanya kazi na humpotezea mnunuzi muda wake.

Kujifunza kwa kulipia au bure

Kozi za kufundisha uuzaji huu zinahitaji kipimo kimoja. Je, bidhaa kuu unayofundishwa kuuza ni kozi yenyewe? Ikiwa ndiyo, ondoka. Juni 2018 FTC ilifungua kesi dhidi ya MOBE, kampuni iliyouza mafunzo ya kupata pesa mtandaoni, ikidai kwamba watu waliingizwa kwa ada ya dola 49 ya mfumo wa hatua 21, kisha wakapandishwa ngazi hadi vifurushi vya makumi ya maelfu ya dola. Picha za salio la akaunti si ushahidi, kwani hazionyeshi gharama za matangazo wala marejesho. Kozi yenye thamani inafundisha ujuzi unaouzika hata nje ya kamisheni: kuandika, kupiga picha, kupima matangazo, kusoma takwimu. Misingi yote iliyobaki inapatikana bure katika miongozo ya mitandao yenyewe.

Nani achague nini

Mwenye ujuzi wa fani fulani na saa 8 hadi 10 kwa wiki, lakini hana mtaji: uhakiki wa kujaribu, bidhaa unazozimiliki tayari, utafutaji na barua pepe. Anza na hakiki 10, zote za jambo moja, na usihesabu pesa kwa miezi sita. Ukitaka kuanza na Amazon, subiri hadi uwe na wageni, kwa kuwa akaunti isiyopata mauzo 3 yanayostahili ndani ya siku 180 hufungwa. Na usinunue kupitia linki yako mwenyewe ili kufikisha idadi hiyo. Imekatazwa na inaonekana.

Mwenye muda mchache, saa 3 kwa wiki: uhakiki wa kukusanya uliotangazwa hivyo, makala chache, kamisheni ya kila mwezi ikiwezekana. Kipato kitakuwa kidogo na hakitakushusha hadhi.

Mwenye mtaji na uzoefu wa matangazo: kulipia kunawezekana, kwa bidhaa ambayo umeona takwimu zake za marejesho. Mwenye bidhaa akikataa kukuonyesha, jibu umeshapata.

Anayehitaji pesa ya mwezi huu hana njia hapa. Auze ujuzi wake moja kwa moja, awaandikie au awapigie picha wengine kwa malipo, huku akijenga polepole.

Na aliyekwisha anza kwa mkato anaweza kurudi bila kufuta kila kitu. Siku ya kwanza aweke tangazo la kamisheni juu ya kila ukurasa na rel="sponsored" kwenye kila linki. Wiki ya kwanza aondoe kila "tumejaribu" isiyo kweli, kila nyota isiyo na kipimo na kila kuponi isiyofanya kazi. Kisha afungue takwimu, achague kurasa 5 zenye mibofyo mingi, anunue au aazime bidhaa hizo na kuziandika upya moja baada ya nyingine, kwa picha zake. Ikitokea kwamba bidhaa inayomlipa zaidi imeshindwa kwenye majaribio, aiandike hivyo na ahamishe linki kwenye ile iliyofaulu, hata kama kamisheni yake ni nusu. Kurasa ambazo hazijapata mbofyo hata mmoja kwa miezi sita aziunganishe na zile zilizoboreshwa na kuelekeza anwani zake huko.